Carstairs alasiri: jua, nguzo na treni zisizosimama

Ukiona picha ya treni iliyopigwa Carstairs ikakuvutia, ujue mpigaji alishaimaliza sehemu ngumu kabla treni haijatokea. Alichagua upande wa jua, akatafuta pengo kati ya nguzo mbili za umeme, na alikuwa na hakika kwamba treni anayoingoja itapita jukwaani, si kule nyuma ya malisho ya kondoo. Mambo ya shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) na ISO (kiwango cha kamera cha kuhisi mwanga) ambayo watu hubishania sana yanakuja mwisho, na ndiyo rahisi kuliko yote.

Carstairs iko South Lanarkshire, kusini mwa Uskoti, takriban kilomita 46 kwa reli kutoka Glasgow Central. Stesheni ilifunguliwa 1848 na kampuni ya Caledonian Railway, na kijiji kinachoitwa Carstairs Junction kilikua kwa sababu ya reli hiyo. Hapa njia kuu ya London Euston kwenda Glasgow inakutana na tawi la Edinburgh. Nyaya za volti 25,000 zilifika Glasgow 1974, na tawi la Edinburgh likawekewa zake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni volti zilezile zinazoendesha SGR ya Tanzania, kwa hiyo aliyezoea kuziangalia nguzo za pale Pugu hatashangazwa na umbo la hizi, isipokuwa kwamba hapa zimesongamana zaidi. Mwaka 2023 Network Rail, shirika linalosimamia miundombinu ya reli Uingereza, iliyajenga upya makutano haya: reli, swichi (sehemu za kubadilishia njia), nguzo na nyaya. Picha za kabla ya mwaka huo zisikuongoze katika kuchagua pa kusimama, maana nguzo nyingi zimehama.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba makutano haya yana umbo la pembetatu. Pembe moja inaelekea Glasgow, ya pili Edinburgh, ya tatu Carlisle na England. Stesheni imekaa upande wa Glasgow, magharibi mwa pembetatu. Matokeo yake, treni inayotoka Manchester kwenda Edinburgh hupitia upande wa tatu wa pembetatu na haifiki jukwaani hata kidogo. Utaisikia, pengine utaona paa lake kwa mbali, basi. Wageni wengi hukusanya orodha ndefu ya treni za "Carstairs" halafu wanashangaa nusu yake haikutokea. Unapotazama orodha, soma jina la kituo cha kupimia muda: treni iliyoandikwa Carstairs South Junction na kisha Carstairs East Junction, bila Carstairs yenyewe katikati, haikuhusu kama umesimama jukwaani. Zinazokuhusu ni zile za Glasgow kwenda na kutoka England, zile chache za Glasgow na Edinburgh zinazopitia huku, na mizigo ya kwenda na kutoka Mossend na Coatbridge, vituo vya mizigo mashariki mwa Glasgow.

Orodha yenyewe unaipata kwenye tovuti ya Realtime Trains. Fungua mwonekano wa kina, kwa sababu ule wa kawaida huonyesha treni zinazosimama tu, na Carstairs zinazosimama ni chache mno. Ratiba zao hutumia saa 24, kwa hiyo 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Kila treni ina namba ya alama nne, tarakimu na herufi, mfano 1S na tarakimu mbili, au 4M na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni aina: 1 ni abiria wa haraka, 2 ni abiria wa kawaida, 4 ni mizigo inayoruhusiwa hadi maili 75 kwa saa, yaani kama kilomita 120, 6 ni mizigo ya maili 60, 5 ni mabehewa matupu ya abiria, na 0 ni kichwa peke yake bila behewa. Herufi ndiyo mwelekeo: S ni Uskoti, M ni ukanda wa kati na kaskazini-magharibi mwa England pamoja na Euston. Kwa hiyo 1M inatoka Glasgow kwenda kusini, na 4S ni mizigo inayopanda kutoka England. Ukishakariri hizo, huhitaji kusoma jina la kituo cha mwisho.

Treni za mizigo zina tabia yake. Nyingine zimewekwa kwenye ratiba kwa masharti, zitembee ikihitajika tu, na tovuti husema hivyo waziwazi. Usijenge alasiri yako juu ya hizo mpaka uone imeanza safari. Zinazotembea nazo huweza kuja nusu saa mapema au saa nzima nyuma, kwa kuwa hakuna abiria anayezisubiri mahali. Dawa yake ni kutazama vituo vya nyuma. Kwa treni zinazotoka kusini tazama Beattock Summit, kilele cha njia hii, kama kilomita 38 kabla ya Carstairs: ya abiria ikishapita pale una robo saa hivi, ya mizigo karibu nusu saa. Kwa zinazotoka Glasgow tazama Law Junction. Kutoka hapo ya abiria hukufikia kwa dakika saba au nane. Intaneti ya simu vijijini huweza kukatika, basi piga picha ya skrini ya orodha kabla hujaondoka mjini.

Sasa jua, ambalo ndilo linalowachanganya hasa watu waliokulia karibu na ikweta. Kwetu Mombasa au Dar jua hupanda karibu wima na hutua karibu muda uleule mwaka mzima. Carstairs iko karibu nyuzi 56 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 11 tu juu ya upeo, na hutua kabla ya saa kumi jioni. Kwa pembe hiyo nguzo ya mita 8 hutupa kivuli cha mita 40, na treni yenyewe inaweza kuifunika reli ya pili yote. Mwishoni mwa Juni mambo ni kinyume: adhuhuri jua liko nyuzi 58, na kutua ni karibu saa nne usiku.

Reli hapa stesheni inakwenda karibu mashariki kwa magharibi, na jukwaa ni la kisiwa: limekaa katikati, na reli kila upande. Treni Uingereza hushika kushoto. Kwa hiyo zinazokwenda Glasgow, yaani magharibi, kwa kawaida hupita upande wa kusini wa jukwaa, na zinazorudi hupita upande wa kaskazini. Weka hayo pamoja na jua la alasiri linalotoka kusini-magharibi, utapata mtego: treni ya kwenda Glasgow ina uso unaomulikwa, lakini ubavu unaouona wewe ni ule wa kaskazini ulio kivulini. Treni ya kwenda kusini ina ubavu uliomulikwa vizuri na uso mweusi. Ukiwa juu ya kisiwa hupati vyote viwili.

Chagua uso. Ubavu wenye kivuli unavumilika, na unaweza kuuinua kidogo kwenye kompyuta. Uso wenye kivuli huku anga nyuma yake linawaka hauokoleki. Simama ncha ya mashariki ya jukwaa, ugeuzie mgongo jua, tazama kule pembetatu inakofunguka, na uzisubiri za kwenda Glasgow. Lenzi ya milimita 135 hadi 200 itavuta reli za England na za Edinburgh zionekane zikisukana, na treni inapovuka swichi huinama kidogo, jambo linaloipa picha uhai ambao reli iliyonyooka haitoi.

Lakini kuna dirisha moja ambamo mtego huo hufunguka. Katikati ya Juni jua hupita magharibi kamili kama saa 12:10 jioni kwa saa ya kiangazi ya Uingereza, likiwa bado nyuzi 28 hivi juu. Baada ya hapo linahamia upande wa kaskazini wa reli, na treni za Glasgow hupata mwanga usoni na ubavuni pia ukiwa palepale kisiwani. Kati ya saa moja na saa tatu usiku, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai, ndipo Carstairs ilipo bora kuliko muda wowote mwingine wa mwaka. Anayekuja saa nane mchana wa Juni na kuondoka saa kumi na moja amekosa mlo mkuu.

Na kama kuna mawingu, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya Lanarkshire, geuka. Wingu zito husawazisha pande zote, na ghafla treni za kwenda kusini nazo zinapigika. Watu hulalamikia mawingu, lakini siku ya mawingu mazito ina treni mara mbili za kupiga kuliko siku ya jua. Siku ngumu kweli ni ile ya mawingu yaliyokatika-katika na upepo, jua likiwaka na kuzima kila dakika. Hapo andaa mipangilio miwili na kuihifadhi kwenye vitufe vya kumbukumbu vya kamera: C1 kwa jua, ISO 400, tundu la lenzi f/5.6, shata sekunde 1/2000. C2 kwa wingu, ISO 1600, f/4, sekunde 1/1600. Tofauti yake ni stopu tatu na kidogo (kila stopu ni mwanga mara mbili), ndivyo wingu linavyokula mwanga. Treni ikitokea, tazama mataruma (vipande vilivyolazwa chini ya reli) mbele yako kama yana kivuli au la, kisha geuza kitufe. Usiiachie kamera ikupimie: taa za mbele za treni ni kali, na kipimo cha kamera kikiziona hufanya picha nzima kuwa giza. Tatizo hili limezidi tangu 2016, treni zenye taa za kutosha ziliporuhusiwa kutokuwa na rangi ya njano usoni. Uso wa rangi nzito na taa mbili kali ni mtihani kwa kipimo chochote.

Kuhusu kasi ya shata, hesabu ni hii. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa husogea mita 44 kila sekunde, yaani sentimita 4.4 ndani ya 1/1000. Ukiipiga ubavu kutoka mita 15 kwa lenzi ya milimita 50, kwenye kamera ya sensa kubwa ya megapikseli 24 mwendo huo unakuwa ukungu wa pikseli kama 25. Picha imeharibika. Treni hiyohiyo ikija kukuelekea kwa pembe ya nyuzi 10, ukaipiga ikiwa mita 100 kwa lenzi ya milimita 200, kwa 1/1000 ukungu ni chini ya pikseli tatu, na kwa 1/2000 ni kama moja na robo. Hii ndiyo sababu picha za robo mbele huwa kali hata kwa kamera ya bei nafuu, na picha za ubavu hushindwa hata kwa ya bei mbaya. Ukitaka ubavu, acha kupigana na mwendo: shusha hadi 1/60, fuata treni kwa kuzungusha kiuno huku miguu imetulia, anza kuzunguka kabla haijakufikia na usisite unapobonyeza. Nyingi zitaharibika, na ndivyo ilivyo.

Maandishi ya taa yaliyoko mbele au pembeni mwa treni, yanayoonyesha inakokwenda, hayawaki mfululizo. Yanameta kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Kwa 1/2000 utapata vipande vya herufi au weusi mtupu. Yanaanza kukamilika chini ya 1/200 hivi, kasi ambayo haifai kwa treni inayopita mbio. Ni lazima uchague, na kwa treni isiyosimama chagua ukali wa picha. Maandishi yapige kwa ile inayosimama.

Fokasi: kamera mpya kadhaa hutambua treni zenyewe, kama yako inayo, iwashe. Kama haina, weka fokasi kwenye taruma moja unayoiona vizuri mahali unapotaka uso wa treni uwe, ifunge, na usiiguse tena. Kwa fremu 10 kwa sekunde, treni yetu ya kilomita 160 husogea zaidi ya mita 4 kati ya fremu na fremu. Picha sahihi ni moja, pengine mbili. Anza kupiga treni ikiwa bado mbali kidogo na taruma lako, uache ikishalipita. Wanaofyatua tangu treni iko mita mia nne hujaza bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera), na kamera hugoma sekunde ileile iliyokuwa inangojwa. Siku ya jua kali usipige zaidi ya mita 150 au hivi: joto linalopanda kutoka kwenye kokoto huitetemesha hewa, na hakuna lenzi inayoliponya hilo.

Nguzo. Kabla treni haijaja piga picha tupu, uitazame skrini taratibu. Unatafuta mambo mawili: nguzo isichomoze juu ya paa la chumba cha dereva, na kivuli cha nguzo kisiangukie usoni mwa treni mahali ulipochagua. Kivuli ndicho kinachosahaulika, kwa kuwa reli ikiwa tupu kinalala chini kwenye kokoto na hakikusumbui; treni ikifika kinapanda na kuukata uso wake vipande viwili. Hesabu mataruma kutoka kwenye kivuli, weka alama yako matano au sita mbele yake, na kumbuka kwamba baada ya dakika ishirini kimehama. Halafu pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya: kwenye vichwa vya umeme iache iwe kwenye anga, mbali na mikono ya nguzo, la sivyo hupotea katika msitu wa chuma. Kuchuchumaa husaidia kuiinua treni juu ya takataka za nyuma, lakini hufanya nyaya zionekane nyingi zaidi. Kimo cha kifua kinatosha.

Kwa upande wa usalama, baki nyuma ya mstari wa njano, na kwa treni isiyosimama rudi nyuma zaidi ya hapo. Treni ya makontena ndiyo ya kuogopa kwa upepo: makontena yana mapengo, hewa hupiga mawimbi, na mkanda wa begi unaoning'inia huweza kuvutwa. Flashi ni marufuku, kwa sababu humpofusha dereva. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Kitu chochote kirefu nacho hakifai: kanuni ya kazi kwenye nyaya za volti 25,000 ni kutokaribia chini ya mita 2.75, na umeme huo hausubiri uguse, huruka. Fimbo ya selfi iliyoinuliwa au mwavuli mrefu ukiwa jukwaani ni upuuzi. Mwisho wa jukwaa una kibao cha kukataza. Hapo ndipo mwisho wako, hata kama hatua tatu mbele kuna pengo zuri zaidi. Ukimkuta mfanyakazi, mwambie unachofanya. Hawakatazi.

Treni zenyewe: mfalme wa njia hii ni Pendolino, aina ya 390, ya mabehewa 9 au 11, inayojiinamisha kwenye kona hadi nyuzi 8. Ya mabehewa 11 ina urefu wa mita 265, basi mkia wake usiupangie kuingia kwenye fremu; mwache ajikunje kwenye kona ya nyuma. Aina ya 397 ya kampuni ya TransPennine ina mabehewa 5 tu na inakaa nzima kwenye fremu kwa lenzi ya milimita 100 hivi. Wapenzi wenyewe, hata hivyo, huja kwa mizigo. Kuna aina ya 66, kichwa cha dizeli ambacho vingi vyake viliundwa Canada, cha kawaida kiasi kwamba wengine hawakiinulii kamera. Kuna aina ya 90 ya umeme, iliyoundwa Crewe kati ya 1987 na 1990, inayovuta makontena mara nyingi ikiwa viwili-viwili. Na kuna aina ya 88, vipo kumi tu, inayotumia nyaya lakini ina injini ndogo ya dizeli kwa ajili ya yadi zisizo na umeme. Hicho kikionekana kwenye orodha, acha chai. (Kwa wapenda mvuke: vichwa aina ya 29 vya East African Railways viliundwa Glasgow na North British Locomotive Company, na kimoja, 2921 Masai of Kenya, kiko kwenye makumbusho ya reli Nairobi.)

Treni ya usiku ya Caledonian Sleeper kutoka London hugawanywa Carstairs, nusu Glasgow na nusu Edinburgh, lakini hiyo ni kazi ya asubuhi. Hutaiona alasiri.

Kufika ndiko kunakotesa. Treni zinazosimama Carstairs ni chache na zina mapengo ya saa nyingi, kwa hiyo tafuta kwanza ya kurudi, ndipo utafute ya kwenda. Mji wa karibu ni Lanark, kilomita chache magharibi, wenye treni za mara kwa mara za Glasgow. Ukikosa treni Carstairs, basi au teksi hadi Lanark ndiyo njia ya kutokea. Beba chakula na maji. Beba pia betri ya pili na uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana kuanzia Novemba baridi hunyonya betri kabla ya kamera kufanya kazi ya maana. Vaa glovu nyembamba chini ya nene, na kofia ya lenzi ya kukinga jua iwepo hata siku ya mawingu, kwa sababu mvua ya huku huja ubavu.

Ukifika nyumbani, usifute fremu kwa kutazama skrini ndogo. Zifungue kwenye kompyuta, ukuze asilimia mia kwenye namba ya kichwa cha treni: ikisomeka, picha ni kali. Kisha andika namba hiyo, namba ya treni na muda iliopita kweli, si wa ratiba, kwenye maelezo ya faili. Mizigo inayotembea kila siku kwa ratiba moja huwa na tabia ya kuchelewa kwa kiasi kilekile, na maelezo hayo ndiyo yatakayokuambia mara nyingine usimame wapi, jua likiwa pembe gani.